Barua Ipo, Haionekani: Somo la Kuitibu Thunderbird Inapogoma Kuonyesha

Kila muhula, hasa wiki za kusajili kozi na zile za kupeleka ripoti za fildi, maabara ya kompyuta husikika kilio kimoja: "Barua zangu zimepotea!" Ukikaa na mlalamikaji dakika kumi, mara nyingi unakuta hakuna kilichopotea. Barua ipo kwenye seva ya chuo, au imo ndani ya diski ya kompyuta yenyewe, salama salimini. Programu ndiyo haijaionyesha, au imeionyesha vibaya. Lakini mwenye barua amekwishapaniki, na mtu aliyepaniki hufuta vitu. Hapo ndipo tatizo dogo la kuonyesha linageuka kuwa msiba wa kweli.

Somo hili linahusu programu ya Thunderbird. Nimeichagua kwa sababu ndiyo wengi wetu tunaikuta: ni ya bure, huja pamoja na Ubuntu kwenye kompyuta nyingi za maabara, na inafanya kazi kwenye Windows na Mac vilevile. Faida yake kubwa kwa mwanafunzi wa bando la kupima ni kwamba inapakua barua mara moja, kisha unazisoma ukiwa bwenini bila intaneti. Toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004. Toleo la 115, la Julai 2023, lilibadilisha sura ya programu kwa kiasi kikubwa, ndiyo maana maelekezo ya zamani aliyokuachia kaka au dada yako wa mwaka wa nne huenda hayafanani na unachokiona leo. Majina ya menyu nitayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Kanuni ya kwanza: usifute akaunti

Ushauri wa vijiweni husema: "Futa akaunti, iweke upya." Kabla hujaufuata, jua akaunti yako inatumia njia gani kupokea barua. Fungua mipangilio ya akaunti, tazama ukurasa wa seva. Ukiona IMAP, barua zako zinakaa kwenye seva na kompyuta yako inabaki na nakala tu. Ukiona POP, huenda barua zimehamishiwa kwenye kompyuta yako na seva haina tena kitu. Mtu wa POP akifuta akaunti pamoja na data zake, anafuta barua zenyewe. Na hata mtu wa IMAP huwa na folda za "Local Folders", ambazo haziko kwenye seva yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote kizito, chukua nakala. Bofya alama ya mistari mitatu upande wa juu kulia, nenda Help, kisha "Troubleshooting Information". Kwenye ukurasa utakaofunguka, tafuta mstari wa "Profile Folder" na ubofye kitufe cha kufungua folda hiyo. Hapo ndipo Thunderbird inapotunza kila kitu chako: barua, anwani, mipangilio, hata namna ulivyopanga safu. Funga programu kabisa, kisha nakili folda yote kwenye flashi. Sasa hata ukikosea mbele ya safari, una pa kurudi.

Kanuni ya pili: tambua tatizo liko tabaka lipi

Daktari hatoi dawa ya tumbo kwa mgonjwa wa jino. Onyesho la barua lina matabaka manne, na kila moja lina maradhi yake.

Tabaka la kwanza ni dirisha: menyu, safu ya folda upande wa kushoto, orodha ya barua, na kidirisha cha kusomea. La pili ni orodha: barua zipi zinaonekana, na kwa mpangilio gani. La tatu ni mwili wa barua: maandishi, rangi, picha na viambatisho. La nne ni uchoraji: namna kompyuta yako, kupitia kadi ya picha, inavyochora vyote hivyo kwenye skrini.

Swali moja hutenganisha matabaka haya haraka: je, tatizo liko kwenye barua moja, folda moja, au programu nzima? Kama ni barua moja, anza na tabaka la tatu. Kama ni folda moja, la pili. Kama ni kila mahali, la kwanza au la nne. Swali lingine la kusaidia: fungua barua hiyohiyo kupitia kivinjari, kwenye ukurasa wa barua pepe wa chuo. Ikionekana sawasawa huko, kosa liko kwenye Thunderbird yako. Ikionekana vibaya kotekote, aliyeituma ndiye aliyeiharibu.

Tabaka la kwanza: dirisha limepoteza viungo

Ugonjwa wa kawaida hapa ni menyu kutoweka. Kwenye Windows na Linux, mstari wa menyu wa juu huweza kufichwa. Bonyeza kitufe cha Alt, au F10, utatokea. Ukitaka ubaki palepale, nenda View, kisha Toolbars, weka tiki kwenye "Menu Bar".

Ugonjwa wa pili: unabofya barua na hakuna kinachofunguka chini wala pembeni. Kidirisha cha kusomea kimezimwa. Bonyeza F8. Kitufe hichohicho hukizima na kukiwasha, na watu wengi hukigusa bila kujua wanapotafuta kuongeza sauti au mwanga wa laptopu. Safu ya folda nayo ikitoweka, nenda View, Layout, halafu "Folder Pane". Humohumo utakuta mipangilio mitatu ya dirisha: Classic, ambayo barua husomwa chini ya orodha, Wide, ambayo kidirisha cha kusomea kinatanuka kuchukua upana wote, na Vertical, ambayo barua husomwa upande wa kulia. Kwenye laptopu ndogo Vertical hubana sana. Jaribu Classic kabla hujasema programu ni mbovu.

Ugonjwa wa tatu ni wa wanaounganisha laptopu kwenye projekta. Umemaliza prezentesheni, umechomoa waya, umefungua Thunderbird na dirisha halionekani, ingawa chini ya skrini unaona programu iko hai. Dirisha limebaki kule kwenye skrini ya pili ambayo haipo tena. Kwenye Windows, shika kitufe cha Windows pamoja na Shift, bonyeza mshale wa kushoto au kulia. Dirisha litarukia skrini uliyonayo. Njia nyingine ni kubonyeza Alt na nafasi, kisha M, halafu kulisogeza kwa mishale.

Ikiwa safu na vidirisha vimevurugika kiasi kwamba hakuna kinachorudi mahali pake, kuna faili moja la kujua: xulstore.json. Limo ndani ya folda ya wasifu uliyoinakili hapo juu, na linakumbuka ukubwa wa dirisha, upana wa safu na vitu vya namna hiyo. Funga Thunderbird, libadilishe jina liwe xulstore.json.zamani, kisha washa tena. Programu itatengeneza jipya. Barua zako hazitaguswa. Utapoteza mpangilio tu.

Tabaka la pili: orodha inadanganya

Hili ndilo tabaka lenye hila nyingi, na ndilo chanzo cha "barua zangu zimepotea" nyingi.

Tazama kwanza kichujio cha haraka, ule mstari mdogo juu ya orodha wenye vitufe kama Unread, Starred na Attachment. Ukiwa umebofya Unread, orodha itaonyesha barua ambazo hujazisoma tu. Umesoma zote? Orodha inakuwa tupu. Kuna pia alama ya pini: ukiibofya, kichujio kinakufuata kila folda unayoingia, kwa hiyo unaona sanduku zima limekauka. Bonyeza Ctrl, Shift na K kwa pamoja ili uende kwenye kichujio, futa neno lolote lililoandikwa humo, na uhakikishe hakuna kitufe kilichowashwa.

Pili, tazama View, kisha Threads. Hapo panapaswa kusomeka All. Ukikuta Unread, ugonjwa ni uleule kwa jina jingine.

Tatu, na hili wengi hawalijui: ndani ya orodha ya barua, herufi moja peke yake ni amri. Herufi A huhamisha barua kwenda kwenye folda ya Archives. Herufi J huitia alama ya barua taka. Herufi K huamuru programu ipuuze mazungumzo yote ya barua hiyo, na mazungumzo yaliyopuuzwa hufichwa. Sasa chukulia umekusudia kuandika neno "kazi" kwenye sehemu ya kutafutia, lakini kielekezi kilikuwa bado kwenye orodha. K imepuuza mazungumzo, A imehamisha barua. Umetafuta kazi, umeipoteza barua ya kazi! Dawa: fungua View, Threads, weka tiki kwenye "Ignored Threads" ili yaliyofichwa yaonekane, kisha uchague mazungumzo yako na ubonyeze K tena kuyaachia. Halafu tazama folda ya Archives, ambayo kwa kawaida hupangwa kwa miaka, na folda ya Junk. Ukigundua kosa papo hapo, Ctrl na Z husaidia kurudisha barua iliyohamishwa.

Nne, mpangilio wa tarehe. Barua mpya hazionekani juu? Huenda ziko chini kabisa. Bofya kichwa cha safu ya Date mara moja, mpangilio utageuka. Kama unatumia mwonekano wa kadi ambao hauna vichwa vya safu, tumia View, kisha "Sort by". Lakini kuna barua nyingine ambazo hata ukipanga vipi hazikai mahali pake: imetumwa leo asubuhi, ila imezama kati ya barua za miaka iliyopita. Sababu ni kwamba safu ya Date husoma tarehe iliyoandikwa na kompyuta ya mtumaji. Betri ndogo ya saa kwenye ubao mama ikifa, kompyuta ikiwashwa hurudi miaka mingi nyuma, na barua inaondoka na tarehe hiyo ya uongo. Kompyuta kuukuu za ofisi zina ugonjwa huu sana. Dawa ni kuongeza safu ya Received, inayofuata muhuri wa seva iliyoipokea barua. Bofya alama iliyo mwisho wa kulia wa vichwa vya safu, chagua Received, kisha panga kwa hiyo. Kama unasubiri majibu ya maombi ya ufadhili, panga kwa Received siku zote.

Tano, faharasa iliyoharibika. Dalili zake: idadi ya barua haifanani na unachokiona, unabofya kichwa cha barua hii inafunguka nyingine, au barua zina kichwa bila mwili. Hapa inafaa kuelewa kinachoendelea. Kwa kawaida Thunderbird huhifadhi barua za folda moja ndani ya faili moja refu, kisha huweka pembeni faili dogo lenye kiishio cha .msf. Hilo dogo ni kama kadi za katalogi maktabani: haliwi na kitabu, linakuambia kitabu kiko rafu gani. Umeme ukikatika programu ikiwa inaandika, kadi zinaweza kuchanganyikana wakati vitabu viko palepale. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, kisha "Repair Folder". Kadi zitaandikwa upya kutoka kwenye vitabu vyenyewe. Tahadhari moja: kwa akaunti ya IMAP, ukarabati huu unaweza kuilazimisha programu kupakua barua za folda hiyo upya. Fanya ukiwa kwenye waifai ya chuo, bando lako lipone.

Sita, folda nzima haipo. Bofya jina la akaunti kwa kitufe cha kulia, chagua Subscribe, uone kama folda unayoitafuta imewekewa tiki. Seva inaweza kuwa nayo, ila programu yako haijaombwa kuionyesha.

Tabaka la tatu: mwili wa barua

Barua pepe za mwanzo zilikuwa maandishi matupu ya herufi za Kiingereza. Mwaka 1992 ulikuja utaratibu wa MIME ulioruhusu barua moja kubeba sehemu nyingi: maandishi matupu, maandishi yenye rangi na fonti kwa HTML, picha, na viambatisho. Kila sehemu hupewa lebo inayosema ni kitu gani. Matatizo mengi ya tabaka hili ni matatizo ya lebo, au ya programu kuchagua sehemu moja na kuacha nyingine.

Anza na View, kisha "Message Body As". Kuna njia tatu: "Original HTML" huonyesha barua kama ilivyoundwa; "Simple HTML" hupunguza mapambo; "Plain Text" hubakiza maneno tu. Plain Text ni nzuri kwa usalama na kwa macho, lakini ina gharama. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu alimtumia msimamizi wake sura ya pili ya utafiti ndani ya mwili wa barua. Mwalimu akajibu kwa kuandika maoni yake katikati ya aya zilezile, kwa rangi nyekundu, na sentensi alizotaka ziondolewe akazipiga mstari. Mwanafunzi alikuwa kwenye Plain Text. Aliona aya zake zimerudi, akazipitisha macho haraka, akasema mwalimu ameridhika. Rangi haikuwepo, mistari ya kukata haikuwepo, na maoni yalijificha ndani ya maneno yake mwenyewe. Alikuja kugundua siku mwalimu alipomuuliza kwa nini amepuuza kila alichoambiwa. Kama unafanya utafiti, rudisha Original HTML unaposoma barua za msimamizi, na umwombe aandike maoni kwenye faili unalomwambatishia.

Picha. Ukiona visanduku vitupu na juu ya barua kuna mstari unaosema maudhui ya mbali yamezuiwa, programu haijaharibika. Inakulinda. Picha hizo hazimo ndani ya barua. Zinakaa kwenye seva ya mtumaji. Ukizifungua, seva ile inajua kwamba anwani yako iko hai, umesoma saa ngapi, na kwa kompyuta gani. Watuma barua taka huweka picha ya nukta moja isiyoonekana kwa kazi hiyo tu. Kama unamwamini mtumaji, bofya kitufe cha Options kwenye mstari huo na uruhusu. Picha zilizoambatishwa ndani ya barua yenyewe hazizuiwi hivi; zisipoonekana chini ya barua, weka tiki kwenye View, "Display Attachments Inline".

Herufi za ajabu. Hapa Kiswahili kina mfano wake. Mtu ameandika "ng'ombe" au "ng'ambo" kwenye Word, na Word imegeuza kile kipashio kilichonyooka kuwa kilichopinda. Wewe unapokea "ngâ€™ombe". Kimetokea nini? Kompyuta haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Kwa mfumo wa UTF-8, uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, kile kipashio kilichopinda ni namba tatu: E2, 80 na 99. Mfumo wa zamani wa Windows-1252 huhesabu kila namba kuwa herufi moja, kwa hiyo unasoma E2 kama â, 80 kama €, na 99 kama ™. Barua imeandikwa kwa mfumo mmoja na kubandikwa lebo ya mwingine. Wenzetu wanaoandikiana Kifaransa na Lubumbashi au Bujumbura wanalijua: "é" inafika ikiwa "Ã©".

Dawa ya kwanza ni View, kisha "Repair Text Encoding": Thunderbird hukisia upya mfumo sahihi. Isiposaidia, fanya uchunguzi. Fungua barua, bonyeza Ctrl na U uone chanzo chake. Tafuta mstari wa Content-Type. Mwishoni mwake kuna neno charset, hiyo ndiyo lebo. Kisha tafuta neno lililoharibika. Ukikuta =E2=80=99 huku lebo ikisema windows-1252, namba ni nzima, lebo ndiyo mbovu; inasomeka. Ukikuta =C3=A2=E2=82=AC=E2=84=A2, basi herufi zile tatu mbovu zimeandikwa upya kama herufi halali kabla barua haijakufikia. Na ukikuta alama ya kuuliza mahali pa herufi, namba ya asili imekwishatupwa. Katika hali hizi mbili za mwisho usipoteze usiku wako. Mwombe mtumaji aitume upya kama PDF.

Vikitokea visanduku vidogo badala ya herufi, hilo ni jambo tofauti: namba zinasomeka vizuri, ila kompyuta haina fonti ya kuzichora. Wanaosoma Kiarabu na miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu hukutana nalo. Sakinisha fonti za Noto, ambazo Google ilizitengeneza kwa kusudi la kuondoa visanduku hivyo.

Maandishi yasiyoonekana. Umeweka mandhari ya giza, na barua moja ni nyeusi tii. Mtumaji amelazimisha rangi nyeusi kwa maandishi lakini hakutaja rangi ya nyuma, kwa hiyo umepata nyeusi juu ya nyeusi. Bofya ndani ya barua, bonyeza Ctrl na A: maandishi yote yatachaguliwa na kujitokeza. Kwa dawa ya kudumu, nenda "Add-ons and Themes" uchague mandhari ya mwanga.

Herufi ndogo au kubwa kupita kiasi. Mara nyingi umeshika Ctrl huku ukizungusha gurudumu la kipanya. Ctrl na 0 hurudisha ukubwa wa kawaida wa barua. Kama ni menyu na orodha ndizo ndogo, bofya mistari mitatu ya juu kulia urekebishe "Font Size" na Density.

Na kiambatisho kinachoitwa winmail.dat? Hicho hutoka kwa mtu anayetumia Outlook, ambayo imefunga faili zake kwa mtindo wa Microsoft unaoitwa TNEF. Faili limo ndani, ila limefungwa kwa kamba usiyoijua. Mwombe atume kwa HTML au maandishi matupu badala ya Rich Text. Outlook ya Windows, kuanzia toleo la 2007, ilichora barua kwa mashine ya Word badala ya ile ya kivinjari, ndiyo maana jedwali ulilolipamba kwa ustadi huweza kufika ofisini limepinda.

Tabaka la nne: uchoraji

Dirisha ni jeusi lote. Skrini inapepesa. Maandishi yanajitokeza pale tu kipanya kinapopita juu yake. Haya si matatizo ya barua. Kadi ya picha na draiva yake haziafikiani na programu.

Jaribio lake ni moja na linafaa sana: "Troubleshoot Mode". Nenda Help uichague, au kama programu haionekani kabisa, shika Shift unapoiwasha kwenye Windows. Kwenye Linux, andika thunderbird -safe-mode kwenye terminali. Katika hali hii viongezi vyote huzimwa, mandhari hurudi ya kawaida, na kadi ya picha haitumiwi kuharakisha uchoraji. Tatizo likitoweka, mmoja kati ya hao watatu ndiye mkosaji.

Sasa mtafute mmoja mmoja. Washa programu kawaida, fungua Settings, andika "hardware" kwenye sehemu ya kutafutia, ondoa tiki kwenye "Use hardware acceleration when available", kisha izime programu na kuiwasha. Ikipona, sasisha draiva ya kadi ya picha ukipata muda. Isipopona, zima viongezi, halafu uwashe kimoja kimoja hadi ugonjwa urudi. Ukivizima vyote na kuwasha vyote kwa pamoja hutajua kilichokuponza.

Likibaki hata ndani ya Troubleshoot Mode, fungua wasifu mpya kwa ajili ya majaribio: funga programu, kisha iwashe kwa thunderbird -P na uchague kutengeneza mwingine. Wa zamani uache palepale.

Na wewe unapotuma

Aliye upande wa pili naye ana matabaka yake manne. Usitegemee rangi kubeba maana. Ukitaka kitu kionekane, kiandike kwa maneno. Tangazo la kikao cha serikali ya wanafunzi lililowekwa kama picha tupu halitasomeka kwa mwenye kuzuia picha, wala kwa mwenzetu asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini. Andika siku, saa na mahali ndani ya mwili wa barua. Na kabla ya kutuma maombi ya fildi, hakikisha saa ya kompyuta yako ni sahihi, barua yako isije ikazama chini ya orodha ya afisa.

Maswali ya kujipima

1. Folda yako ya Inbox inaonyesha barua tatu, lakini kwenye kivinjari unaona mia mbili. Taja mambo matatu ya kukagua, kwa mpangilio, kabla ya kubofya "Repair Folder".

2. Umepokea barua yenye maneno "ngâ€™oa" na nyingine yenye "ng?oa". Ipi ina nafuu, na kwa nini?

3. Rafiki yako anatumia POP na anataka kufuta akaunti "ili aanze upya". Mweleze kwa sentensi mbili kitakachotokea, kisha mwonyeshe folda ya kunakili kwanza.

4. Kwa makusudi, washa kichujio cha Unread pamoja na pini yake, bonyeza F8, na uweke Plain Text. Mpe mwenzako kompyuta arudishe vyote bila kukuuliza. Kisha mbadilishane. Atakayeweza leo hataogopa siku barua ya ufadhili itakapojificha.